Ozi: Kijiji Kilicho Baina ya Maji Mawili



Kila mwaka unapoandama mwezi wa Mfunguo Sita, mabasi huondoka Mombasa na Malindi yakiwa yamejaa waumini waendao Lamu kwa Maulidi. Wengi wetu tumeifanya safari hiyo. Qasida huimbwa, kahawa tungu na visheti hupita mkono kwa mkono, na gari likikaribia Garsen abiria wengi huwa wamekwisha lala. Atakayefumbua macho ataona daraja, maji ya mto yaliyo mekundu kwa udongo, pengine kundi la ng'ombe wakisubiri kuvuka barabara. Kisha ataegemeza kichwa na kuendelea na usingizi. Mimi mwenyewe nimepita namna hiyo kwa miaka mingi. Nilijua jina la mto, sikuwajua watu wake.

Safari hii nilishuka. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anasomesha watoto katika kijiji cha Ozi, aliniletea ujumbe kwamba wanawake wa huko wana swali juu ya maji, nao wangependa kuliuliza ana kwa ana. Nikaona haya kujibu kwa simu.

Mto na njia zake

Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Huanza katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukazunguka nchi kavu ya Garissa, ukapita Hola na Garsen, hadi ukamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi hapo Kipini. Kuanzia Garsen kwenda chini ardhi hulala, mto ukagawanyika, maji yakatanda katika mabwawa, mbuga na misitu. Eneo hili ndilo Delta ya Tana. Mwaka 2012 liliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima.

Kando ya mto wanakaa Wapokomo, ambao ni wakulima na wavuvi. Nyuma yao, katika mbuga, wako Waorma na Wawardei, wafugaji ambao katika kiangazi huwaleta ng'ombe mtoni kupitia njia maalumu ziitwazo malka. Wako pia Wabajuni, Waswahili, Wawata na wageni wengi waliolowea. Kipokomo na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja. Wanaisimu huviweka katika kundi liitwalo Sabaki, pamoja na lugha za Mijikenda na Kingazija. Mpokomo akizungumza taratibu, Mswahili aliyetulia atadaka maneno mengi. Hata wimbo wa taifa la Kenya umetungwa juu ya sauti ya bembelezi la akina mama wa Kipokomo. Kila tunaposimama kwa heshima ya bendera, tumesimama kwa sauti ya mama wa Tana akimlaza mwanawe.

Tulishuka Minjila, tukapata gari la kwenda Witu, kisha tukakata kuelekea Kipini. Hapo barabara ilikwisha. Mbele ilikuwa mashua, mikoko pande zote mbili, na nahodha kijana aliyetuonya tusitie mikono majini kwa sababu ya mamba.

Maji yaliyoletwa kwa majembe

Msomaji asidhani kwamba pande hizi, kwa kuwa ziko mbali na lami, hazina historia. Si mbali na Kipini yako magofu ya Ungwana, mji wa kale wenye msikiti mkubwa wa Ijumaa, uliochimbuliwa na mtaalamu James Kirkman katika miaka ya 1950. Mapokeo ya wazee humleta huku Fumo Liongo, shujaa na malenga, na hulitaja kaburi lake kuwa hapo Kipini. Juu kidogo ya mto ipo Kau, bandari iliyokuwa ikipokea vyombo kutoka Lamu na Pate vikifuata mpunga na pembe.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Zamani mto Tana haukutokea Kipini. Mlango wake ulikuwa mbali zaidi, upande wa kusini-magharibi, na Ozi kilikuwa kijito kidogo cha pwani. Katika karne ya 19 ukachimbwa mfereji mahali paitwapo Belezoni, kazi inayonasibishwa na Sultani Ahmed wa Witu aliyejulikana kwa jina la Simba, ili mitumbwi ya Tana ipate kufika Kau bila kuzunguka baharini. Mto ukaupenda mfereji ule. Ukaupanua mwaka hadi mwaka, hata mwishowe sehemu kubwa ya maji ya Tana ikahamia humo na kutokea Kipini.

Kwa hiyo neema ya maji ya pepo iliyoifanya Ozi kuwa ghala la mpunga ililetwa, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, na mikono ya wanadamu wenye majembe. Nakuomba, msomaji, uliweke jambo hili moyoni, maana nitalirejea.

Elimu ya bamvua

Nilipofika kijijini nilipokewa kwa madafu, wali na samaki wa mtoni. Alasiri wazee wakanitembeza mashambani, wakanifundisha elimu ambayo sikuisoma katika kitabu chochote.

Kila mkazi wa pwani anajua kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa kupita kiasi. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Katika Ozi, bahari inapojaa namna hiyo huyasukuma maji ya mto yarudi nyuma. Maji ya pepo ni mepesi kuliko ya chumvi, basi hupanda juu, yakainuka hadi ukingoni. Wakulima huwa wamekwisha chimba vijifereji kutoka mtoni kuingia mashambani. Maji matamu huingia yenyewe, hunywesha mpunga, na bahari ikipwa hurudi mtoni. Hapana pampu wala mafuta. Mara mbili kila mwezi bahari humnyweshea mkulima shamba lake, na isimpe hata tone la chumvi.

Nilisimama ukingoni nikaikumbuka Surat al-Furqan, pale Mola wetu anapozitaja bahari mbili, moja tamu ya kukata kiu na nyingine ya chumvi kali, na kizuizi alichokiweka baina yake. Nimeifasiri aya hiyo darasani kwa miaka zaidi ya ishirini. Wazee wa Ozi walikuwa wakilima juu ya kizuizi hicho.

Kizuizi kilivyosogea

Nasema walikuwa, kwa sababu mambo yamebadilika. Bahari sasa hupanda mtoni mbali kuliko ilivyozoeleka, na si Ozi peke yake; vijiji jirani kama Kilelengwani vimeonja msiba huo huo. Yale yale maji ya bamvua yaliyokuwa yakileta uhai huleta chumvi. Nilionyeshwa konde zilizokuwa za mpunga ambazo sasa zimeota magugu ya pwani. Nilionyeshwa miembe, ile ya ngowe tunayoisifu sokoni, imesimama mikavu bila jani.

Sababu ni nyingi, na mtu mwadilifu hatazibebesha upande mmoja. Juu ya mto yamejengwa mabwawa makubwa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Jiji la Nairobi nalo hunywa kutoka katika vijito vya mto huu huu. Mabwawa huzuia mchanga na kupunguza yale mafuriko ya wastani yaliyokuwa yakirutubisha konde na kuisukuma bahari irudi kwake. Kisha ukaja ukame wa kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, mto ukakonda. Bahari yenyewe inapanda kwa ajili ya joto la dunia. Na mikoko, ambayo ndiyo ukuta wa Ozi, imekatwa kwa boriti na kuni. Mto nao una tabia ya kuhama njia. Uliokuja kwa mfereji waweza kuondoka kwa mfereji.

Ajabu ni kwamba watu hawa hawa wanaolia kukosa maji hugharikishwa na maji. Mvua za El Niño za 1997 zilibomoa hata kingo za mradi mkubwa wa mpunga wa delta. Mafuriko yakarudi mwaka 2018, kisha mwishoni mwa 2023 na tena 2024. Mto umepoteza wastani wake: ama njaa, ama gharika.

Swali la wanawake

Baada ya Isha wanawake walikusanyika barazani, nami nikaketi na mwanafunzi wangu upande wa pili. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa bibi wa makamo, mwenye sauti tulivu. Alieleza kwamba chumvi ikizidi, hutoka alfajiri kwa mitumbwi, wakapiga kafi kwenda juu mpaka watakapoonja maji wakayaona matamu. Hujaza madumu, wakarudi mchana. Humo njiani wako viboko na mamba. Maji hayo machache ndiyo ya kunywa, kupikia na kuogesha wachanga.

"Sheikh," akauliza, "maji ya mtoni yakiwa ya chumvi, tutawadhe nayo? Au tutumie haya ya kunywa? Au tutayamamu?"

Nikafurahi, maana jibu lake liko wazi. Nikawaeleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa swali kama hilo na mabaharia waliokuwa na maji machache ya kunywa, akawajulisha kwamba maji ya bahari ni twahara na yanatwaharisha. Basi watawadhe na waoge janaba kwa maji ya chumvi, wala wasiyapunguze maji ya watoto wao. Hapana haja ya kutayamamu.

Yule bibi akashukuru, akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa adabu, "Alhamdulillahi, Sheikh. Swala imeyakubali maji haya. Mpunga umeyakataa, na mtoto ameyakataa. Hayo nayo yana fatwa?"

Sikuwa na jibu. Nilimuahidi kwamba nitalifikisha swali lake kwenu.

Haki ya jirani

Maji yakipungua, majirani hubanana, na mbanano huzaa fitina. Baina ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, Wapokomo na Waorma, wakiwamo wanawake na watoto. Kilelengwani, ambako nimesema chumvi imeingia, ni miongoni mwa vijiji vilivyomwaga damu. Waislamu waliwaua Waislamu, na jirani akaichoma nyumba ya jirani. Ugomvi wa konde na malka ulikuwapo tangu zamani, lakini wazee wa Gasa upande wa Wapokomo na wa Matadeda upande wa Waorma walikuwa wakiumaliza kwa maneno. Mwaka ule maneno yalishindwa, na siasa za kuelekea uchaguzi zikatia kuni motoni.

Tumefundishwa kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Aliye juu ya mto ana mshirika chini ya mto. Anayewasha taa kwa nguvu ya Tana, na anayefungua bomba Nairobi, na mkulima wa Garsen, na mfugaji mwenye ng'ombe mia, na bibi yule wa Ozi mwenye madumu yake, wote wanakula katika sinia moja. Adabu ya sinia tunaijua: mtu hula kilicho mbele yake, wala hanyooshi mkono upande wa mwenziwe.

Kijiji hakikukaa kikangoja. Vijana na akina mama wa Ozi wanapanda mikoko upya kando ya mto. Miche niliyoiona ilikuwa imepangwa safu safu katika tope, mingine haijafika magotini mwangu. Mkoko hauurudishi mpunga mwaka huu wala ujao. Lakini wapandaji wanajua kisa cha Belezoni kuliko mimi. Kama mikono ya watu iliweza kuuleta mto, na mikono ya watu imeweza kuupunguza, basi mikono hiyo haijakatazwa kutengeneza. Ujenzi wa kingo, visima salama, kuachiwa maji ya kutosha kutoka katika mabwawa kwa majira yake: hayo yamo katika uwezo wa serikali ya kaunti na ya taifa, nasi ni wapiga kura na walipa kodi.

Nyumbani kwetu nako iko kazi. Tusifanye israfu ya maji, hata tukitawadha penye mto unaopita. Tuwaambie watoto wetu mchele na maembe hutoka wapi. Na msimu ujao wa Maulidi, gari litakapofika Garsen, mama amwamshe mwanawe amwonyeshe mto.

Ewe Mola uliyeziachilia bahari mbili zikakutana na ukaweka baina yake kizuizi, wahifadhie watu wa Ozi maji yao ya pepo, ziunganishe nyoyo za majirani wa Tana, na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaotengeneza katika ardhi. Amin.