Hong Kong 2019: Hawakuwa Wanatetea Wahalifu

Ukisikia kwamba mamia ya maelfu ya watu waliingia barabarani kupinga sheria ya kuwakabidhi watuhumiwa, swali linalokuja haraka ni hili: kwani walikuwa wanatetea wahalifu? Hapana. Twende taratibu.

Hong Kong ilikuwa koloni la Uingereza mpaka tarehe 1 Julai 1997, iliporudishwa China. Makubaliano yalikuwa nchi moja, mifumo miwili. Kwa miaka 50 Hong Kong ingebaki na mahakama zake pamoja na uhuru wa kusema na kukusanyika. China bara mambo ni tofauti: mahakama ziko chini ya Chama cha Kikomunisti, na ni nadra sana mshtakiwa kuachiwa huru.

Mwaka 2018 kijana mmoja wa Hong Kong alituhumiwa kumuua mpenzi wake huko Taiwan, kisha akarudi kwao. Hakukuwa na sheria ya kumpeleka Taiwan akashtakiwe. Basi Februari 2019 serikali ya Carrie Lam ikapendekeza marekebisho ya kuziba pengo hilo. Tatizo ni kwamba mlango uliofunguliwa kwa ajili ya Taiwan ulifunguka mpaka China bara. Mkuu wa serikali ndiye angeanzisha mchakato, naye alichaguliwa na kamati ya watu 1,200 tu. Mahakama ingeangalia kama kuna kesi ya kujibu, sio kama mtu ana hatia. Serikali ikasema eti makosa ya kisiasa hayamo. Watu wakauliza: mwanaharakati akibambikiwa kosa la fedha, nani atamwokoa?

Tarehe 9 Juni waliandamana. Waandaaji walisema walizidi milioni moja, polisi wakasema 240,000, katika mji wenye watu kama milioni saba na nusu. Tarehe 12 polisi walifyatua mabomu ya machozi na risasi za mpira. Tarehe 15 Lam akasitisha muswada, lakini kusitisha sio kufuta, na kesho yake umati ukawa mkubwa zaidi. Madai yakafika matano, yakiwemo uchunguzi huru dhidi ya polisi na kura ya kila raia. Hakukuwa na kiongozi mmoja wa kukamatwa wala wa kukaa naye mezani. Baadhi ya waandamanaji nao walirusha mabomu ya petroli, na Novemba vyuo vikuu viwili viligeuka uwanja wa mapambano.

Muswada ulifutwa rasmi tarehe 23 Oktoba. Mwezi uliofuata wanademokrasia walishinda mabaraza ya wilaya 17 kati ya 18. Ungesema wameshinda, sio?

Tarehe 30 Juni 2020 Beijing ilipitisha yenyewe sheria ya usalama wa taifa kwa ajili ya Hong Kong, bila kupitia bunge la huko. Sheria hiyo inaruhusu baadhi ya kesi kupelekwa China bara. Yaani kilichofukuzwa mlangoni kiliingia dirishani.

Sisi tunaosomea ualimu tuna la kutazama zaidi. Kulikuwa na somo la lazima la sekondari, tangu 2009, lililowazoesha wanafunzi kujadili masuala ya jamii yao. Lilitupiwa lawama kwamba ndilo lililowachochea vijana, na mwaka 2021 likaanza kubadilishwa na somo lingine. Oktoba mwaka huohuo chama cha wanafunzi cha Chinese University of Hong Kong, kilichodumu miaka 50, kilitangaza kuvunjwa.

Wanachuo wenzangu, muswada ukija na kisa cha kutia uchungu, kama kile cha binti aliyeuawa, tumlilie marehemu, halafu tusome vifungu. Tuulize: baada ya huyu mmoja, ni nani mwingine anaweza kuchukuliwa, na atahukumiwa na nani? Watu wa Hong Kong waliuliza mapema. Leo kuuliza hivyo hadharani kwao ni hatari. Kwetu bado tunaweza kuanzia kwenye semina.