Gitaa Tulilolivunja na Gitaa Tulilolitengeneza

Akina mama wenzetu, ni mara ngapi umemkuta mtoto ameketi chini ya mti akipiga kopo lenye nyaya, nawe ukamfokea, "Acha ujinga huo, nenda ukachunge"? Sisi tulifoka hivyo, tena tulifanya zaidi ya kufoka. Haya yalitupata hapa Mwamapalala, wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, sehemu ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa ndani ya wilaya ya Bariadi. Tunayaeleza kwa sababu tunajua si nyumba yetu peke yake.

Kopo la mafuta

Mjukuu wetu ana miaka 11. Anaishi nasi kwa kuwa mama yake, binti yetu, anafanya kazi Mwanza. Alikuwa amejitengenezea gitaa la kopo la mafuta ya kupikia, shingo ya ufito, nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Jioni moja, wakati anapiga gitaa lake, mbuzi waliingia katika pamba ya jirani. Jirani alikuja juu. Tuliomba radhi, tukalipa. Kisha babu akalikanyaga lile kopo mpaka likawa bapa kama chapati. Bibi, badala ya kumzuia, akasema, "Afadhali."

Mtoto hakulia. Aliokota zile nyaya, akaziviringisha, akazitia mfukoni. Lakini tangu siku ile hakuimba tena. Yeye aliyekuwa akiimba njia nzima ya kisimani, sasa hata kwenye kwaya ya watoto alisimama mstari wa nyuma, mdomo ameufunga. Sisi tulidhani amepata adabu. Mama yake alipokuja likizo ya Desemba, siku ya pili tu akatuuliza, "Mama, mtoto anaumwa? Mbona haimbi?"

Hatukuwa na jibu. Usiku ule usingizi ulichelewa kuja.

Kosa na kipaji

Tuwe wakweli. Wengi wetu tulikua tukiambiwa kwamba gitaa ni mlango wa ulevi na uhuni. Lakini kwaya zetu zinapiga magitaa kila Jumapili, na Daudi alimtuliza mfalme Sauli kwa kinubi. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga "Masanga" kwa gitaa kavu moja tu, na jina lake likavuka bahari. Remmy Ongala, aliyepiga dansi miaka mingi Dar es Salaam, alimalizia maisha yake kwa nyimbo za Injili kabla hajafariki mwaka 2010. Chombo ni kilekile; kinachobadilika ni moyo wa mwenye kukishika. Na sisi Wasukuma tungewezaje kuchukia nyuzi, wakati wazee wetu walipiga ndono, ule upinde uliofungwa kibuyu?

Kosa la mtoto lilikuwa kuacha mbuzi. Kosa hilo lilistahili adhabu yake. Sisi tuliadhibu kipaji. Ndipo babu, aliyekuwa seremala ujanani, akasema, "Nilivunja kwa mguu, nitajenga kwa mikono."

Mbao zilivyopatikana

Gitaa ni kama ile ndono. Uzi peke yake hauna sauti ya kutosha. Kibuyu ndicho kinachoikuza. Katika gitaa, kazi ya kibuyu hufanywa na kisanduku, hasa ubao wake wa juu, kwa maana huo ndio unaotetemeka. Kwa hiyo ubao wa juu huwa mwepesi, na wa mgongo na ubavuni huwa mgumu zaidi.

Juu tuliweka paini yenye mistari iliyonyooka, vipande viwili vilivyounganishwa katikati kwa gundi ya mbao na kupigwa randa mpaka unene wa milimita 3. Kwa mgongo na ubavu tulihitaji mninga mkavu. Mbao mbichi hupinda na kupasuka baadaye, na huku kwetu mninga hauoti ovyo. Tukakumbuka kitanda chetu cha harusi. Ubao wake wa kichwani ulikuwa mninga, umekauka zaidi ya miaka 40. Tuliung'oa. Daraja linaloshika nyuzi tulilichonga kutoka katika mchi wetu wa zamani wa mpingo, mti mgumu ambao Wazungu hutengenezea zumari zao.

Mahali pa kuwa na subira

Ubao wa ubavuni hukatwa mwembamba, milimita 2 hivi, ukalowekwa, kisha ukakunjwa polepole juu ya bomba la chuma lililopashwa moto kwa mkaa. Wa kwanza ulipasuka. Wa pili pia. Babu alikuwa akiusukuma kwa nguvu. Wa tatu alikunja bibi, kwa sababu mkono uliozoea sufuria hujua moto umefika wapi. Ubao ukisema "kri", unauacha upumzike. Ukilegea, unaendelea. Tulipokuwa tunauangalia ukijikunja bila kuvunjika, hakuna aliyehitaji kumwambia mwenzake alichokuwa anakiwaza.

Ndani ya ubao wa juu tulibandika mbavu nyembamba za mbao, maana nyuzi huvuta siku zote, na bila mbavu uso hubonyea. Hatukuwa na jiriwa za kutosha kubania wakati gundi inakauka, tukatumia vipande vya tyubu ya baiskeli.

Kazi ya hesabu ilikuwa ya bibi. Vyuma vidogo vinavyokingama shingoni haviwekwi kwa kukisia. Urefu wa uzi kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani tuliufanya sentimita 58, kwa kuwa sentimita 65 za gitaa la mtu mzima zingemchosha mtoto. Chukua 58, gawanya kwa 17.8, unapata 3.26, hapo ndipo pa chuma cha kwanza. Toa hiyo, kinachobaki gawanya tena kwa 17.8, na kuendelea. Chuma cha 12 kikiangukia nusu kamili, yaani sentimita 29, hesabu yako ni salama. Vyuma vyenyewe vilikuwa spoki za baiskeli. Vifunguo vya kukazia nyuzi vilitoka katika gitaa la kwaya lililokwisha kuvunjika. Nyuzi tulinunua za nailoni. Za chuma huvuta kwa nguvu zaidi, zingeng'oa daraja.

Siku ya kukabidhi

Kazi ilichukua miezi minne. Tulimwita mtoto jioni, baada ya mbuzi kufungwa. Kabla ya gitaa, babu alianza na neno. Alisema, "Mjukuu wangu, siku ile nilikukosea. Mbuzi walikuwa kosa lako, kopo halikuwa kosa lako." Bibi naye akasema lake kuhusu ile "afadhali". Si rahisi mtu mzima kumwomba mtoto msamaha. Koo hukauka.

Tukampa. Alilishika, akaligeuza, akapapasa mninga. Akauliza, "Babu, na ukikasirika tena?"

Swali hilo lilitupata vizuri. Babu alikaa kimya kidogo, kisha akajibu, "Nikikasirika nitakuambia wewe. Hiki sitakigusa."

Mtoto aliingiza mkono mfukoni, akatoa zile nyaya za breki. Alikuwa akitembea nazo muda wote ule. Alizitundika kwenye msumari ukutani, akaketi, akaanza kutafuta sauti. Siku ile hakuimba. Aliimba wiki ya tatu, kisimani, tukamsikia tukiwa nyumbani.

Gitaa letu si kamilifu. Kwenye chuma cha 7 uzi mmoja hukoroma, na mgongo unaonyesha tundu la msumari wa kitanda. Yeye anajua mahali hapo, anapakwepa. Na mbuzi? Tumepatana: saa za machungo gitaa linabaki ndani. Mara moja alisahau, akanyimwa gitaa siku tatu. Alinung'unika, lakini hakuogopa, kwa sababu alijua siku ya nne litakuwa palepale zima.

Mama mwenzetu, huenda kwako si gitaa. Huenda ni mpira wa makaratasi, au daftari lililojaa picha badala ya hesabu. Mtoto akikosea, mrekebishe, usimwogope. Lakini kabla ya kuinua mguu, tazama vizuri unachotaka kukanyaga. Na kama umekwisha kukanyaga, kama sisi, usiseme muda umepita. Anza na neno la msamaha, kisha mtafute mbao.