Chafya ya Tony ndani ya Titanic

Septemba 1966, kituo cha televisheni cha ABC nchini Marekani kilianza kuonyesha The Time Tunnel, tamthilia ya sayansi ya kubuni iliyotayarishwa na Irwin Allen. Ilikuwa na sehemu 30 tu, lakini ukiirudia leo bado inakukalisha kitini. Katika hadithi ni mwaka 1968. Chini ya jangwa la Arizona kuna maabara ya siri, na seneta amefika kukagua fedha za umma zinatumikaje. Mwanasayansi kijana, Tony Newman, anajitosa kwenye mtambo bila ruhusa ili kuonyesha kwamba unafanya kazi. Anaibukia kwenye Titanic, Aprili 1912.

Anamwonya nahodha kwamba meli itazama. Haaminiwi, na meli inazama. Tamthilia inashikilia kwamba yaliyopita hayabadiliki. Safari hii nilipoitazama, niliyaacha maneno ya Tony nikafuatilia pumzi yake.

Mwaka 1957 ilizuka aina mpya ya homa ya mafua, H2N2, iliyoua zaidi ya watu milioni moja duniani. Virusi vyake viliendelea kuzunguka hadi 1968, mwaka uleule Tony alioondoka. Aliyeambukizwa homa ya mafua huweza kuanza kuisambaza siku moja hivi kabla ya kujisikia vibaya. Tony angeweza kuingia melini akijiona mzima kabisa, kumbe amebeba ugonjwa.

Kinga ya mwili humtambua adui kwa protini zilizo juu ya kirusi. Baada ya pambano la kwanza, baadhi ya chembe nyeupe za damu hubaki na kumbukumbu yake, na akirudi, kingamwili hutengenezwa upesi. Kumbukumbu hiyo hudumu mno. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya damu ya watu 32 waliokuwa hai wakati wa homa kuu ya mafua ya 1918, wote wakiwa na umri wa miaka 91 hadi 101. Damu yao bado ilikuwa na kingamwili dhidi ya kirusi kile.

H2N2 ilitokana na mchanganyiko wa jeni za mafua ya ndege na ya binadamu, na mwaka 1912 mchanganyiko huo ulikuwa haujatokea, kwa hiyo miili ya abiria isingekuwa na kumbukumbu ya kirusi hicho. Chanjo ya mafua haikuwepo. Penisilini, ambayo ingetibu nimonia inayofuatia mafua, haikuwa imegunduliwa. Manusura wapatao 700 walikaa pamoja kwenye mashua, wakachukuliwa na meli ya Carpathia hadi New York. Chafya moja ingetosha kuufikisha ugonjwa katika jiji hilo miaka 45 kabla ya wakati wake.

NASA, shirika la anga la Marekani, walilifikiria kwa dhati jambo hili la msafiri kuja na vijidudu. Julai 1969, Armstrong, Aldrin na Collins waliporudi kutoka safari ya Mwezini waliwekwa karantini ya siku 21, na Rais Nixon aliwapongeza kupitia dirisha. Tony asingehitaji hata muda huo. Dalili za mafua hujitokeza ndani ya siku 1 hadi 4, kwa hiyo kutengwa wiki moja kabla ya kuondoka kungepunguza sana hatari ya kuwaambukiza mafua hayo abiria wa meli ile.