Jomvu Kuu, Mji Ulioachwa na Njia



Wengi wetu huipita Jomvu tukiwa ndani ya matatu, katika foleni ya malori yaendayo Nairobi, tukadhani kwamba Jomvu ni maghala na vituo vya mafuta. Jomvu yenyewe haiko barabarani. Mwenye kuitaka na ashuke, aipe barabara mgongo, ateremke kuelekea majini hata aione mikoko. Hapo ndipo Jomvu Kuu, na hapo ndipo tulipokwenda kuzuru juma lililopita.

Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Mmoja wapita Kilindini ukaingia Port Reitz. Wa pili wapita mbele ya Mji wa Kale na Tudor, kisha wapanda bara kwa kujipinda kuelekea kaskazini-magharibi. Jomvu Kuu iko ukingoni mwa huu wa pili, mahali ambapo bahari yakaribia kwisha na vilima vya Rabai havi mbali. Nyakati za bamvua, baina ya kujaa na kupwa, maji hupanda na kushuka yapata mita 3. Yakijaa, chombo hufika. Yakipwa, pana matope, kaa na mizizi ya mikoko. Kwa hivyo saa ya mji huu ilikuwa ni maji.

Na mahali maji yanapokoma ndipo safari ya miguu inapoanza. Hiyo ndiyo siri ya Jomvu. Watu wa bara waliteremka na nafaka, pembe na sandarusi. Watu wa pwani walipanda na nguo, shanga na samaki wakavu. Krapf na Rebmann, wamishenari waliojenga kituo chao Rabai mwaka 1846, waliitumia hori hii hii kupata njia ya bara. Vitabu vya shule vyawataja hao wawili kwa kirefu. Waliokuwa wakiivuka hori hiyo kabla yao, kizazi baada ya kizazi, havina habari nao.

Wajomvu si wageni wa mtu. Wao ni taifa moja katika Tisa Taifa, pamoja na Wamvita, Wakilifi, Wamtwapa na wenzao. Na hao tisa, wakiongezwa Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, ndio Thenashara Taifa, wenyeji wa Mombasa. Twalisema hili kwa sababu tumemsikia kijana wa Kisauni akiuliza kama Jomvu ni jina la kampuni.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa. Ilipita Changamwe na Miritini, ikapanda Mazeras. Tangu hapo mzigo haukuhitaji tena kungoja maji yajae. Barabara nayo ilipokuja ilishika njia ya juu vilevile. Hakuna aliyeupiga vita mji huu wala kuuchoma. Njia tu iliuhama.

Kisha likaja jambo la ardhi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye shamba katika mwambao apeleke madai yake kwa maandishi, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Walioishi kwa ushahidi wa minazi na makaburi ya wazee wao, wangepata wapi karatasi? Uchungu huo wazijua nyumba nyingi za Likoni na Kisauni pia, na hatuna haja ya kuurefusha.

Lakini lililotupeleka Jomvu ni jingine, nalo liko mikononi mwa kina mama. Wajomvu wana lahaja yao, na wenyewe huiita Chijomvu. Mwaka 1958 Mwingereza H. E. Lambert alichapisha kitabu kizima juu yake na juu ya jirani yake, Kingare. Yaani mgeni aliona kuna kitu cha kuandikwa. Sisi tulikaribishwa barazani kwa bibi mmoja, tukapewa kahawa na kaimati, tukamsikiliza akizungumza na dadake. Wajukuu walikuwapo. Walimwelewa kila neno, wakamjibu kwa Kiswahili cha televisheni. Tulipomwuliza kwa nini hawafundishi, alicheka, akasema mama zao waliogopa watoto watachekwa shuleni.

Hatukuwa na la kumjibu. Hata sisi, katika madarasa yetu ya chuoni, tumewahi kumsahihisha mtoto aliyesema kama bibi yake, tukidhani twamfundisha Kiswahili safi.

Maji yalikuwa yakijaa tulipoaga baada ya Alasiri. Bibi ametutaka turudi na daftari, siku ambayo dadake atakuwapo, maana majina ya samaki na ya miti ya mikoko huyo ndiye ayajuaye zaidi. Tumeahidi kurudi, inshallah. Mama msomaji aliye na mzazi Mjomvu na aanze nyumbani kwake, akaandike anayoyasikia jikoni.