Odisheni ya mchezo wa nyimbo: kinachotakiwa, na nauli inavyoamua mapema

Mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maigizo. Kwetu ni Kalama, Machakos, ingawa nilikulia Changamwe. Likizo hii najitayarisha kwa odisheni za michezo ya nyimbo, na majirani wanaonisikia nikipaza sauti jioni huuliza odisheni ni kitu gani hasa. Mamangu mdogo aliye Mikindani huuliza pia kwa simu, ila yeye huongeza: na inalipa? Naeleza hapa kwa sababu najua Pwani pia wako vijana wanaolitaka jambo hili, na wazazi wasiojua waanzie wapi.

Mchezo wa nyimbo si tamasha la muziki lililotiwa mazungumzo. Wahusika huongea mpaka jambo likawazidi, ndipo huimba, na wimbo ndio unaosukuma kisa mbele. Chukua Sarafina! ya Mbongeni Ngema, iliyoanza kuchezwa Johannesburg mwaka 1987. Ziondoe nyimbo, na hadithi ya wale wanafunzi wa Soweto hubaki mifupa. Kwa hivyo anayetafutwa ni mtu mmoja anayeigiza, anayeimba na anayecheza ngoma. Skuli zetu hufunza kila kimoja mbali. Tamasha la muziki lilianza 1927, la drama 1959, na mtoto anaweza kufika fainali ya hili asikanyage lile. Tena ushindi ni wa skuli. Akimaliza Kidato cha Nne, kwa wengi ngazi imekatika.

Odisheni ni usaili wa kazi, tofauti ni kwamba hujibu kwa mwili. Tangazo hutaja sehemu zilizopo, umri wa wahusika na aina ya sauti. Unatakiwa uje na kipande cha mazungumzo cha dakika moja au mbili ulichokihifadhi, na wimbo, mara nyingi ubeti na kiitikio tu. Mbele yako wamekaa mwelekezi, kiongozi wa muziki na mfunzi wa ngoma. Baadaye mnafunzwa hatua chache kwa kundi, mzirudie papo hapo.

Wengi hudhani sauti kubwa ndiyo inayoshinda. Mwelekezi akishakusikia, huenda akakwambia: imba tena, lakini sasa kana kwamba unamwambia mtu aliyekudanganya. Hapo anapima kama unasikia maelekezo na unaweza kubadilika. Aliyekariri wimbo kwa namna moja tu hukwama, hata awe na sauti ya chiriku. Ndiyo maana mimi hufanya mazoezi ya wimbo uleule kwa hasira, kwa aibu, kwa kunong'ona. Kinanda sina, natumia cha kwenye simu kupata sauti ya kuanzia, na solfa niliyofunzwa skuli.

Watoto wa Pwani hapa wana mtaji wasioujua. Aliyelelewa na kaswida na maulidi anajua kuvuta pumzi na kuubeba mstari mrefu bila kuukata, na anajua kuitikia kwa pamoja bila kumfunika mwenzake. Sisemi kaswida zipelekwe jukwaani, la. Nasema pumzi ni ileile.

Ukifaulu unaitwa tena, mara nyingine mara mbili, ndipo sehemu zigawiwe. Anayeanza kwa kawaida hutiwa kwenye kundi la waitikiaji. Usilidharau, kwa maoni yangu ndiyo kazi ngumu kuliko zote, maana uko jukwaani karibu muda wote na unabadilisha nguo gizani. Na kuhusu swali la mamangu mdogo: malipo ya mchezo mmoja hayamlishi mtu mwaka mzima. Waigizaji wengi hujishikiza kwenye vikundi vinavyozunguka skuli wakiigiza vitabu vya kutahiniwa, kama ilivyokuwa kwa Kigogo ya Pauline Kea, na baada yake Bembea ya Maisha ya Timothy Arege.

Sasa, nauli. Michezo mikubwa ya nyimbo huandaliwa Nairobi, na mazoezi yake ni wiki kadhaa, mara nyingi jioni. Kutoka Kalama ni matatu mpaka Machakos mjini na nyingine mpaka Nairobi, na usiku hakuna cha kunirudisha. Anayetoka Mombasa ana kilomita zipatazo 480. Sehemu hugawiwa kwa kipaji, lakini baada ya wasio na pa kulala Nairobi kujitoa wenyewe.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi wa kijiji waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mchezo uliojaa nyimbo. Mazoezi yalifanywa hadharani, majirani wakitazama na kusahihisha. Serikali iliupiga marufuku baada ya wiki chache. Mchezo huohuo ulirudi mwaka 2022, safari hii ndani ya Kenya National Theatre, Nairobi.

Ninachowaomba waandalizi ni kidogo. Raundi ya kwanza ipokewe kwa video ya simu, na mazoezi ya mwanzo yawekwe Jumamosi na Jumapili. Na Mombasa ukumbi upo, Little Theatre Club. Jopo likishuka hapo siku moja, kijana wa Likoni atahitaji kuvuka feri tu.