Injini ya Gari la Shamba Imechoka: Ovaholi, Injini Nyingine, au Uachane Nayo?

Leo tunatoka shambani kidogo tunaingia gereji. Wapo watakaosema bwana shamba kaishiwa mada, lakini gari la shamba ni zana kama pampu ya kupulizia au pawatila. Kibiti na Rufiji wengi wenu mnatumia magari ya zamani: Land Rover 110, Hilux za miaka ya 90, Land Cruiser mkonga. Ndiyo yanayoingia Mbwera tope likikauka, yanabeba ufuta wa Bungu na kusubiri mpunga wa delta unaoshuka kwa boti pale Nyamisati. Injini ikichoka, kijana anakimbilia kununua nyingine kwa hela ya salfa. Korosho inakuja kuliwa na ubwiriunga huku gari linang'aa uani. Hapo umetengeneza nini?

Mimi sio fundi. Ila mambo haya nayaona kila msimu kwa wakulima ninaowatembelea, na yanahusu mtaji wako moja kwa moja.

Kwanza hakikisha imekufa kweli

Magonjwa madogo mengi yanafanana na kifo cha injini. Kabla fundi hajafungua chochote, angalia haya:

1. Moshi. Wa bluu maana yake injini inakula oili. Mweusi mara nyingi ni kisafisha hewa kilichoziba au nozo mbovu, na hiyo ni kazi ya bei ndogo. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda.
2. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Moshi ukitoka kwa nguvu, kwa mapigo, ringi na silinda zimelika.
3. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Inaweza kuwa gasketi ya hedi tu, au hedi imepasuka.
4. Haiwaki asubuhi? Pima betri, hita plagi na dizeli yenyewe. Dizeli ya kwenye madumu huku kwetu mara nyingi ina maji.

Baada ya hapo mwambie fundi apime kompresheni silinda moja moja, akuandikie namba. Fundi anayesema "imekufa hii" kwa kusikiliza tu, mshukuru na utafute mwingine.

Tafuta kilichoiua

Hapa ndo pesa nyingi zinapotea. Injini chache zinakufa kwa uzee. Nyingi zinauawa, na huku kwetu wauaji ni wale wale: rejeta iliyojaa tope ikafanya gari lichemshe, vumbi linalopita kwenye kisafisha hewa kilichochanika, oili isiyobadilishwa, na maji. Ukiingia kwenye maji ya kina, injini ikayavuta kwa njia ya hewa, pistoni haiwezi kuyabana. Koni rodi inapinda pale pale. Gari likizima katikati ya maji usipige stata hata mara moja. Livute nje kwanza, nozo zitolewe, maji yatoke.

Ukifunga injini nyingine ukaacha rejeta ile ile na kisafisha hewa kile kile, umeweka mgonjwa mpya kwenye kitanda cha marehemu.

Njia tatu

*Ovaholi.* Inafaa kama bloku na krenki shafti ni nzima na spea zinapatikana. Faida yake, historia ya injini unaijua na namba yake haibadiliki. Hasara ni muda, maana silinda lazima zipelekwe kwenye mashine, mara nyingi Dar.

*Injini ya mtumba ya aina ile ile.* Kwa wengi hii ndiyo njia salama. Kwa Hilux kuna nafuu zaidi: injini za 2L (lita 2.4), 3L (lita 2.8) na 5L (lita 3.0) ni ukoo mmoja, kwa hiyo kutoka 2L kwenda 5L hakuhitaji kukatakata gari. Ukienda Gerezani nunua injini kamili, yenye pampu ya dizeli, alteneta na stata. Inayouzwa vipande vipande ina bei ya kuvutia, ila utaimalizia kwa kununua kimoja kimoja mpaka ujute.

*Injini ya ukoo mwingine.* Wenye Land Rover wengi wanatamani kutoa 300Tdi (lita 2.5, silinda 4) na kuweka 1HZ ya Land Cruiser (lita 4.2, silinda 6). Ni kweli 1HZ haina taabo na inavumilia. Lakini ni ndefu na nzito zaidi. Maana yake mauntingi mpya, kuunganisha gia boksi, kurekebisha propela shafti, rejeta kubwa, springi za mbele na waya. Usisahau pampu ya vakyumu; bila hiyo breki inakuwa ngumu kama jiwe. Kama fundi hajawahi kuifanya, usikubali gari lako liwe darasa lake.

Piga hesabu

Tuchukue mfano. Tuseme kazi nzima inakula shilingi 9,000,000. Kukodi gari safari moja ni 150,000, na safari hiyo hiyo kwa gari lako inakula dizeli ya 60,000. Unaokoa 90,000 kila safari. Unahitaji safari 100 kurudisha pesa. Kama unapiga safari 40 kwa mwaka, hiyo ni miaka miwili na nusu, kabla hujahesabu tairi na matengenezo. Weka namba zako halisi. Zikikwambia kukodi ni nafuu, kodi bila aibu, au muungane watu watatu kwa gari moja.

Muda na makaratasi

Nunua kwa hela ya korosho ikishaingia, baada ya kutenga ya salfa na palizi. Kazi ifanyike masika, wakati barabara za mashambani hazipitiki, ili gari liwe tayari ufuta ukianza kutoka.

Injini ikiwa bado iko chini, badilisha taimingi belti, sili, pampu ya maji na klachi. 1HZ, 300Tdi na zile za Hilux zote zinatumia belti. Ikikatika, valvu zinagongana na pistoni na unaanza upya. Ikishafungwa, badilisha oili na filta baada ya kilomita 1,000 za kwanza.

Halafu namba. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Dai risiti yenye namba hiyo kwa muuzaji, kisha peleka taarifa TRA kadi irekebishwe, na bima ijue. Muuzaji asiyetaka kuandika risiti, huenda mali sio yake. Usije ukasimamishwa Barabara ya Kilwa na tani moja ya ufuta mgongoni ukashindwa kueleza injini imetoka wapi.

Wiki hii fanya moja tu: fungua boneti, toa kisafisha hewa ukiangalie juani, halafu angalia matundu ya rejeta. Kama injini yako bado nzima, hapo ndipo utakapoiokoa. Mwenye hesabu zake za safari aje nazo ofisini tuzipige pamoja kabla hajatoa hata senti.