Yule mdudu mwekundu kwa unga wako si fukusi, na ukoo wake ni noma

Hebu nikuulize. Ni tarehe 27, mfuko umekauka, na kwa keja kumebaki unga robo pakiti na sukuma ya juzi. Unafungua pakiti, unaona kitu kidogo chekundu-kahawia kinakimbia kujizika. Unamwaga? Ama unachekecha na kunyamaza?

Mimi yalinikuta mwezi jana. Nilichekecha, nikapika, nikala, halafu nikakesha nikipekua simu kujua kama nitaamka. Niliamka. Lakini pale kwa simu nilikutana na ukoo wa wadudu ambao sikuwahi kufunzwa hata kabla sijaachana na chuo, na manze, hawa wasee wana stori.

Kwanza tutoe hii makosa ya jina. Sisi kila mdudu wa unga tunaita fukusi. Fukusi mwenyewe ana mdomo mrefu kama mkonga, na anatoboa punje nzima ya mahindi. Huyu wako wa kwa pakiti hana mkonga. Ana urefu wa milimita 3 hadi 4 hivi, ni bapa, na wanasayansi wanamwita Tribolium castaneum. Punje nzima ngumu inamshinda. Yeye hungoja fukusi atoboe, ama mashine isage, ndio aingie kwa meza. Yaani wewe na posho mill ndio mnamfanyia kazi ngumu.

Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 300 maishani. Mayai yenyewe yana gundi, kwa hivyo yanajipaka unga na huwezi kuyaona hata ukivaa miwani mbili. Kukiwa na joto zuri, yai linakuwa mdudu mzima kwa kama mwezi mmoja. Sasa unaelewa mbona ulinunua pakiti safi, ukaisahau juu ya kabati, ukarudi ukapata kuna mtaa mzima umejengwa.

Je, ni sumu? Wawili watatu ukiwatoa na kupika ugali vizuri, hakuna shida kubwa. Shida ni wakiwa wengi. Wakibanana wanatoa kemikali zinaitwa kwinoni, ambazo ndizo silaha yao ya kujilinda. Unga unaanza kuwa na karangi ka pinki na harufu kali ya ajabu. Ukifika hapo, usijidanganye na chekecheo. Wadudu watatoka, kemikali itabaki. Mwaga.

Na tukiwa hapo, kuna kitu kibaya zaidi ambacho watu wanakichanganya na wadudu: aflatoksini. Hiyo inatoka kwa kuvu, haionekani na haitoki kwa chekecheo wala kwa moto wa sufuria. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa upande wa Ukambani kwa kula mahindi yaliyokuwa nayo. Kwa hivyo unga ukinuka uvundo ama ukipigwa na unyevu ukaganda, huyo mdudu ndiye tatizo dogo hapo ndani.

Sasa, ukoo. Tribolium ni wa familia ya mbawakawa inayoitwa Tenebrionidae. Jina linatoka kwa neno la Kilatini, tenebrio, mtu anayekwepa mwanga, na Warumi walilitumia pia kumaanisha laghai. Konkodi, kwa ufupi. Mwaka wa 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi alilipachika kwa mbawakawa mmoja mweusi anayeishi kwa unga na pumba, na familia nzima ikarithi. Leo aina zinazojulikana zimepita 20,000. Wako msituni chini ya magome, wako kwa uyoga, wako kwa viota vya mchwa, wako jangwani. Wengi wanakula vitu vilivyokufa: majani makavu, mbao zilizooza, mabaki. Ndiyo maana unga uliwafaa sana. Kwa mdudu, unga ni mabaki ya mmea yaliyosagwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu. Hakuvamia jikoni kwako, aliona menyu yake ya zamani imepakiwa.

Kitu kilichowasaidia kuteka jangwa ni gamba. Mbawakawa wengi wana mabawa mawili magumu juu yanayofunguka wakitaka kuruka. Aina nyingi za jangwani mabawa hayo yameshikana kabisa, hayafunguki. Kuruka wakaacha. Lakini chini ya hilo gamba kukabaki chumba chenye hewa, na matundu yao ya kupumua yanafungukia humo badala ya nje kwa jua. Maji ya mwili hayapotei ovyo. Wamebadilisha ndege wakapewa friji.

Bingwa wao anaishi jangwa la Namib, kule Namibia, karibu na bahari. Huko mvua ni kama ahadi ya mwanasiasa, lakini ukungu unaingia kutoka Atlantiki. Anaitwa Onymacris unguicularis. Yeye kawaida hutembea mchana, lakini ukungu ukiingia anatoka kwa baridi, anapanda mpaka kwa kilele cha mchanga, anainama kichwa chini matako juu, anaelekea upepo. Ukungu unashika mgongoni, unakuwa matone, matone yanateremka mpaka mdomoni. William Hamilton na Mary Seely waliandika haya kwa jarida la Nature mwaka wa 1976, baada ya kuwapima kabla na baada ya ukungu. Kuna aliyeongeza asilimia 34 ya uzito wake kwa asubuhi moja. Wewe ukiwa na kilo 70, hiyo ni kama kunywa karibu lita 24 kabla ya chai.

Tahadhari kidogo: mitandaoni utaona picha za Stenocara, binamu yake mwenye vinundu mgongoni, ukiambiwa ndiye anakunywa ukungu. Watafiti walipowalinganisha kwa ukungu mwaka wa 2010, wakatangaza kwamba ni Onymacris ndiye alisimama kichwa chini. Stenocara hakufanya hiyo kitu. Lakini ndiye alipata umaarufu. Unajua vile hii dunia inaenda.

Kituo cha utafiti cha Gobabeb, hapo hapo Namib, kilianzishwa mwaka wa 1962 na Charles Koch, mtaalamu kutoka Austria aliyekuwa amewazimia hawa mbawakawa tu. Fikiria hapo: umejenga kituo katikati ya jangwa juu ya wadudu weusi. Na mathe wangu alisema mimi ndiye nimepotea njia.

Teremka mpaka Afrika Kusini utapata wengine wanaoitwa toktokkie. Wakitafuta mpenzi wanagonga tumbo chini, tok tok tok, halafu wanangoja jibu. Watoto wa huko wana mchezo wa kugonga mlango wa jirani na kuhepa, na mchezo unaitwa hivyo hivyo. Marekani nao wana Eleodes, ambaye ukimsumbua anasimama kichwa chini na kukupulizia kemikali kutoka nyuma. Inafanya kazi kwa maadui wengi, lakini kuna panya fulani wa jangwani alishajua siri. Anamshika, anasukuma ule upande wa nyuma ndani ya mchanga, bunduki inafyatuka chini, yeye anaanza kula kutoka kichwani.

Kama unafuga kuku, kuna mmoja unamjua tayari. Geuza ile takataka ya kuku upande wenye joto, utaona vidudu vyeusi vya kama milimita 6 na mabuu yao ya njano-kahawia. Huyo ni Alphitobius, na asili yake inadhaniwa ni hapa Afrika. Kwa mfugaji ni shida, kwa sababu anaweza kubeba salmonela kutoka kundi moja la kuku hadi lingine, na mabuu wanatoboa kuta zenye povu la plastiki. Ukiuza kuku wote ukaleta vifaranga wapya bila kutoa ile takataka na kuosha, umewapokeza wageni pamoja na ugonjwa wa waliohama.

Lakini hiyo tabia ya kutafuna povu ndiyo imefanya watafiti wamwangalie upya. Mwaka wa 2024, timu ya icipe hapa Nairobi, akiwemo mwanasayansi Fathiya Khamis, ilionyesha kwamba mabuu wa Kenya wa jamii hii wanakula polistirini, ile plastiki nyeupe nyepesi ya kupakia TV na chipo. Waliokula plastiki pekee walihangaika. Waliochanganyiwa na pumba waliishi vizuri zaidi na wakamaliza takriban asilimia 11.7 ya plastiki waliyopewa, kwa muda wa kama mwezi. Sasa kabla ukimbie kuwamwaga Dandora, elewa kwamba mpango si huo. Kazi inafanywa pamoja na bakteria walio tumboni mwao, na wanaotafutwa ni hao bakteria na vimeng'enya vyao, ndio vitumike kiwandani bila mdudu. Kwa sasa ukitupa polistirini kwa mtaro, itabaki kwa mtaro.

Na kuna wanaowala. Ulaya iliruhusu mabuu waliokaushwa wa Tenebrio, yule wa Linnaeus, kuuzwa kama chakula cha watu mwaka wa 2021, na Alphitobius akafuata 2023. Kwa hivyo usiku ule wangu wa ugali, huenda nilikuwa mbele ya Ulaya kidogo.

Turudi kwa pakiti yako. Nunua unga wa kutosha wiki mbili, si wa miezi. Ukifika nyumbani, mwaga kwa mtungi wa kifuniko kinachobana, kwa sababu karatasi na nailoni nyembamba wanapenya. Kama una friza, ama jirani wa kukukopesha kona ya friza, funga unga vizuri na uuweke humo kama wiki moja. Mayai na mabuu watakufa. Mtungi ukiisha, usijaze mpya juu ya mabaki. Osha, anika ukauke kabisa, na upitishe kitambaa kwa zile nyufa za kabati, maana hapo ndipo wale wa zamani wanangoja. Mimi kwa yangu nilipata 11.